Ripoti ya siku inachukua sekunde 40: soma mpango wa kwiri kabla ya kununua seva

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako pamoja na majibu yaliyokwisha kutolewa, na nimeona nijibu kwa kirefu kwa sababu tatizo la namna hii nimeshinda nalo na kulala nalo kwa miaka kadhaa nikiwa msimamizi wa hifadhidata za vyama vya akiba na mikopo. Kwa faida ya wanaoingia sasa, hali yako ni hii: una jedwali la miamala lenye rekodi zipatazo milioni 6 kwenye PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, ripoti ya siku ya tawi moja inachukua sekunde 40, uliweka indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia rekodi haraka) kwenye safu ya tarehe na hakuna kilichobadilika, na wachangiaji wawili wamekushauri umwombe mkubwa wako anunue seva yenye kumbukumbu (RAM) kubwa zaidi. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa sasa. Kwiri uliyoibandika, yaani ombi la data unaloipelekea hifadhidata, ni hii:

SELECT * FROM miamala
WHERE DATE(tarehe_muda) = '2024-05-31'
  AND tawi_id = 7
ORDER BY tarehe_muda DESC;

Kosa linaonekana kwa macho, na nitalieleza. Lakini nisingependa uondoke na dawa ya kwiri hii moja tu, maana wiki ijayo utakuwa na nyingine ambayo kosa lake halionekani kwa macho. Nianze na namna ya kuangalia.

SQL ni lugha ya kusema unachotaka, si namna ya kukipata. Hilo ndilo wazo alilolitoa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, kwamba mtumiaji asilazimike kujua data imelazwa vipi kwenye diski. Kazi ya kuchagua njia imeachiwa sehemu ya hifadhidata inayoitwa mpangaji, ambaye anakadiria gharama ya kila njia, kisha anachagua ile anayoona ni nafuu. Utaratibu huo wa kulinganisha gharama ulielezwa na Patricia Selinger na wenzake mwaka 1979 kutokana na kazi yao kwenye mfumo wa System R, na mpaka leo PostgreSQL hufanya kazi kwa msingi uleule. Maana yake kwetu ni kwamba kwiri inapokuwa nzito bila sababu, mara nyingi mpangaji amefanya hesabu sahihi juu ya makadirio yasiyo sahihi, au sisi wenyewe tumeandika sharti kwa namna inayomfungia njia nzuri.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya kwiri yako na uiendeshe, ukiongeza chaguo la BUFFERS ili uone pia ni kurasa ngapi (vipande vya data) zimesomwa. Elewa kwamba amri hii huiendesha kwiri kwelikweli. Ukiiweka mbele ya UPDATE au DELETE, data itabadilika au itafutika kweli, kwa hiyo anza na BEGIN na umalizie na ROLLBACK, inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Matokeo yake yanasomwa kutoka ndani kwenda nje: mstari uliosogezwa zaidi kulia ndio uliotangulia kutekelezwa, na ulio juu kabisa ndio wa mwisho.

Kwenye kila mstari mimi hutafuta kwanza namba mbili za rekodi, ile aliyoikadiria mpangaji na ile iliyopatikana kweli. Zikitofautiana mara mbili au tatu, sijali. Zikitofautiana mara 50 au 100, hapo ndipo ninapovuta kiti. Kisha naangalia idadi ya mizunguko, kwa sababu muda unaoandikwa ni wastani wa mzunguko mmoja. Hatua inayoonekana kutumia milisekunde 3 lakini imezunguka mara 10,000 imekula nusu dakika, na nimewahi kumwona kijana mwerevu akitafuta mchawi wake siku nzima kwa sababu hakuzidisha. Mwisho naangalia ni rekodi ngapi zilisomwa kisha zikatupwa na kichujio. Kama hifadhidata imesoma milioni 6 ili ikupe 900, ujue imelima shamba zima ili ichume mchicha wa mboga moja.

Sasa turudi kwenye kwiri yako. Indeksi uliyoiweka imepanga thamani za tarehe_muda kama zilivyo, lakini wewe hukuuliza tarehe_muda, umeuliza matokeo ya DATE, yaani kazi (function) inayotoa siku peke yake, juu ya tarehe_muda. Kwa hifadhidata hivyo ni vitu viwili. Haiwezi kujua kwamba matokeo ya kazi hiyo yanafuata mpangilio uleule wa safu, kwa hiyo inalazimika kusoma kila rekodi, kuipitisha kwenye DATE, kisha kulinganisha. Zaidi ya hapo, haina takwimu za matokeo hayo, hivyo inakisia kwamba kila siku inabeba sehemu moja ya 200 ya jedwali. Kwa rekodi milioni 6 hiyo ni 30,000. Ukitoa sharti la tawi na kuendesha kwiri kwa sharti la tarehe peke yake, utaiona namba hiyo ya 30,000, au iliyo karibu nayo sana, kwenye makadirio. Namba nzuri ya mviringo kama hiyo huwa ni dalili kwamba mpangaji hana anachokijua.

Iache safu peke yake upande wake, na hesabu zote zihamie upande wa thamani:

SELECT id, mwanachama_id, aina, kiasi, tarehe_muda
FROM miamala
WHERE tawi_id = 7
  AND tarehe_muda >= '2024-05-31 00:00+03'
  AND tarehe_muda <  '2024-06-01 00:00+03'
ORDER BY tarehe_muda DESC;

Angalia alama za ulinganisho. Mwanzo wa siku umo, mwanzo wa siku inayofuata haumo. Wengi huandika BETWEEN na kumalizia na 23:59:59, nao wanapoteza muamala uliofanyika ndani ya sekunde ile ya mwisho, maana PostgreSQL huweka muda mpaka sehemu ya milioni ya sekunde. Ni muamala mmoja kwa miezi kadhaa, na ndiyo maana mhasibu atakapokuja na tofauti ya shilingi 20,000 hutajua uanzie wapi.

Angalia pia ile +03. Seva nyingi zimewekwa kwenye saa ya UTC, ambako siku mpya huanza wakati kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Zamani hilo halikumsumbua mtu kwa sababu dirisha la keshia lilikuwa limefungwa. Sasa wanachama wanalipa kwa simu usiku kucha, na yule anayerejesha mkopo saa saba usiku tarehe 1 anaingizwa kwenye ripoti ya tarehe 31, anaonekana hakulipa mwezi mpya, na anatozwa faini. Niliwahi kutumia siku mbili kumtafutia mama mmoja malipo yake. Yalikuwepo muda wote, jana yake.

Kuna anayeweza kukwambia uweke indeksi juu ya DATE yenyewe. Inawezekana ikiwa safu haibebi ukanda wa saa, lakini ikiwa inaubeba PostgreSQL itaikataa, kwa kuwa matokeo ya DATE hutegemea saa iliyowekwa kwenye kikao cha kila mtumiaji na indeksi haiwezi kujengwa juu ya kitu kinachobadilika hivyo. Njia ya kutumia mwanzo na mwisho inafanya kazi kote, na inatosha.

Kuhusu indeksi yenyewe, ile ya tarehe peke yake itaanza kutumika mara utakapoiandika kwiri hivyo, lakini iliyo bora zaidi kwa kazi yako ni ya safu mbili:

CREATE INDEX CONCURRENTLY miamala_tawi_muda
ON miamala (tawi_id, tarehe_muda);

Mpangilio wa safu hizo si wa hiari. Fikiria chumba cha majalada ambamo kila tawi lina kabati lake, na ndani ya kabati majalada yamepangwa kwa tarehe. Unakwenda moja kwa moja kwenye kabati la tawi 7, unafungua pale ilipoanza tarehe 31, unasoma mfululizo mpaka ilipoishia, unafunga. Ukipanga kinyume, yaani tarehe kwanza kisha tawi, itakubidi upitie majalada ya matawi yote ya siku hiyo ukiokota ya tawi 7; kwa siku moja utavumilia, kwa ripoti ya mwaka mzima hutavumilia. Kanuni ninayoitumia ni kwamba safu inayoulizwa kwa alama ya sawasawa hutangulia, na inayoulizwa kwa mwanzo na mwisho hufuata. Faida nyingine ni kwamba rekodi za tawi hilo zinatoka zikiwa zimekwisha kupangwa kwa muda, na hifadhidata inaweza kuisoma indeksi kinyumenyume, kwa hiyo ORDER BY yako haitagharimu kitu.

Neno CONCURRENTLY usilisahau. Mimi nililisahau mara moja, saa nne asubuhi, siku ya mshahara. CREATE INDEX ya kawaida huruhusu watu kusoma jedwali lakini huzuia kuandika mpaka imalize, na jedwali lile lilihitaji dakika 7. Kwa dakika 7 hizo hakuna keshia aliyeweza kuingiza muamala katika tawi lolote, foleni zikafika nje, na simu yangu ya mezani, ambayo kwa kawaida hulia mara mbili kwa wiki, haikunyamaza. Ukiweka CONCURRENTLY ujenzi unachukua muda mrefu zaidi na haukubali kufanyika ndani ya BEGIN, lakini kazi za watu zinaendelea. Ikitokea imekatika katikati, inabaki indeksi iliyoandikwa INVALID, ambayo haisaidii kusoma na bado inaweza kuongeza mzigo wa kuandika. Ifute, uanze upya.

Nyota ile ya SELECT * nimeiondoa kwa makusudi. Ripoti yako inaonyesha safu 5, na kwa kadiri ninavyoona kwenye muundo ulioubandika, jedwali lina safu 23, mojawapo ikiwa maelezo marefu ya maandishi. Kuzibeba zote kutoka diski mpaka kwenye programu ili uzitupe ni mzigo wa bure, ingawa peke yake si chanzo cha sekunde 40.

Hayo yanamaliza shida yako ya leo. Nihamie kwenye ile aina ya shida ambayo huwezi kuiona kwa kuitazama kwiri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kusoma mipango badala ya kubahatisha.

Chama kimoja nilichokihudumia kilikuwa na wanachama 60,000, kila mmoja akiwa na wastani wa mikopo 4 tangu ajiunge, na kila mkopo marejesho 12, hivyo jedwali la marejesho lilikuwa na rekodi karibu milioni 2.9 na ukubwa wa MB 400 hivi. Ofisa mikopo alitaka orodha ya marejesho yote ya wanachama wa kata ya Kirumba, wilaya ya Ilemela, mkoa wa Mwanza. Sharti liliandikwa kwa safu zote tatu, mkoa na wilaya na kata, kama fomu ya kujiunga ilivyozijaza. Indeksi zote zilikuwepo, hakuna safu iliyozungushiwa kazi yoyote, na bado kwiri ilichukua zaidi ya dakika mbili. Kwa ajabu, ukitaja mkoa peke yake, ambao una watu wengi zaidi, ilikuwa inarudi haraka kuliko ukitaja kata.

Mpango ulisema hivi: mpangaji alitarajia wanachama 10, akapata 600. Alikosea mara 60. Kosa hilo lilitoka wapi? Wanachama wa Mwanza walikuwa asilimia 20 ya wote, wa Ilemela asilimia 8, wa Kirumba asilimia 1. Takwimu zake juu ya kila safu zilikuwa sahihi kabisa. Lakini alizizidisha pamoja kana kwamba safu hizo hazijuani: 60,000 mara 0.2 mara 0.08 mara 0.01, jibu ni 9.6. Sisi tunajua kwamba mtu wa Kirumba hawezi kuwa nje ya Ilemela, wala wa Ilemela nje ya Mwanza, kwa hiyo sharti la kata peke yake lilikwisha kutosha na mengine mawili hayapunguzi mtu hata mmoja. Hifadhidata haijui jiografia.

Kosa hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama lingeishia hapo, lakini kila hatua iliyofuata ililirithi. Alipotarajia wanachama 10, alitarajia mikopo 40 na marejesho 480. Kwa marejesho 480, njia ya busara ni kwenda kuyaokota moja moja kwa indeksi, na ndiyo aliyoichagua. Kumbe marejesho yalikuwa 28,800, yametapakaa kwenye kurasa mbalimbali za diski ya zamani ya kuzunguka, na kila mruko kwenye diski ile uligharimu kama milisekunde 5. Zidisha mwenyewe: sekunde 144. Kama angejua ukweli, angelisoma jedwali lote la MB 400 kwa mfululizo, kazi ya sekunde chache kwenye diski ileile, kisha akachambua ndani ya kumbukumbu. Kwa hiyo msiliogope neno Seq Scan mnapoliona kwenye mpango. Kuna wakati kusoma jedwali zima ndiyo njia ya mkato.

Dawa haikuwa indeksi. PostgreSQL kuanzia toleo la 10 ina amri ya CREATE STATISTICS, ambayo unaielekeza kwenye safu zinazotegemeana, kisha unaendesha ANALYZE (amri ya kukusanya takwimu upya, si ile EXPLAIN ANALYZE), naye mpangaji anajifunza kwamba kata inaamua wilaya na wilaya inaamua mkoa. Makadirio yalipanda kutoka 10 hadi mia tano na kitu, mpango ukabadilika wenyewe, na ripoti ikatoka kwa sekunde 6. Hakuna herufi iliyobadilishwa kwenye kwiri, wala senti iliyotumika kwenye seva. Mahali pengine nimekutana na jambo lilelile kwa aina ya gari na mtengenezaji wake, na kwa darasa na shule. Popote safu moja inapoifuata nyingine, shuku.

Takwimu hizo pia huchakaa. ANALYZE haisomi jedwali zima bali huchukua sampuli, ambayo kwa mipangilio ya kawaida ni rekodi 30,000, na hujiendesha yenyewe pale rekodi zilizobadilika zinapozidi 50 na asilimia 10 ya jedwali. Kwenye jedwali lako la milioni 6 hiyo ni zaidi ya mabadiliko 600,000, ambayo pengine huchukua mwezi na zaidi kufikiwa. Ipunguze asilimia hiyo kwa jedwali la miamala peke yake, iwe 1 au 2, na kila unapoingiza data nyingi kwa mkupuo endesha ANALYZE kwa mkono kabla ya kumwita mtu aje kutazama ripoti.

Mengine nitayapita haraka.

Namba za simu ziwe maandishi, na programu izipeleke kama maandishi. Kwenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ukiwa na safu ya maandishi kisha ukailinganisha na namba isiyo na alama za kunukuu, hifadhidata itabadilisha kila thamani ya safu kuwa namba kimyakimya, indeksi itawekwa kando, na sifuri ya mwanzo itapotea, hivyo unaweza kupata rekodi ambazo si za mtu yule. PostgreSQL itakataa na kukutolea kosa, jambo ambalo wengi wanalilalamikia lakini mimi nalishukuru. Na mkubaliane mapema kama mnaanza na 0 au na 255. Niliwahi kukuta mwanachama mmoja amesajiliwa mara tatu kwa namba moja iliyoandikwa kwa mitindo mitatu, na kwiri ya kuwaunganisha ilikuwa na kazi za kukatakata maandishi pande zote mbili, ambazo hakuna indeksi ya kawaida ingeziokoa.

NOT IN yenye kwiri ndani yake iepuke kama safu ya ndani inaweza kuwa na NULL, yaani nafasi isiyojazwa. Ikiwepo NULL moja tu, matokeo yote yanakuwa tupu, bila kosa wala onyo. Hili si suala la kasi, ni la usahihi, na nimeliona likimfanya meneja aamini kwamba hakuna mwanachama hata mmoja anayechelewesha mkopo. Tumia NOT EXISTS. Inasema unachokimaanisha na kwa kawaida PostgreSQL huitekeleza vizuri zaidi.

Kurasa za matokeo zinazotumia OFFSET, yaani kuruka idadi fulani ya rekodi za mwanzo, huwa nzito kadiri mtu anavyosonga mbele, kwa sababu ili ikupe rekodi ya 100,001 mpaka 100,050 hifadhidata lazima izalishe zile 100,000 za mwanzo na kuzitupa. Kumbuka muda na id ya rekodi ya mwisho uliyoionyesha, kisha uliza zinazofuata baada ya hapo.

Na mara nyingine kwiri haina kosa lolote, kosa ni wingi wake. Fremuweki nyingi, yaani mifumo tayari ya kujengea programu, huleta orodha ya mikopo 500 kwa kwiri moja, kisha huuliza jina la mwanachama wa kila mkopo kwa kwiri nyingine 500. Kwenye kompyuta ya mwandishi wa programu hakuna anayegundua. Tulipohamisha hifadhidata kwenda kwenye seva ya kukodi Ulaya huku programu ikibaki Dar es Salaam, kila safari ya kwenda na kurudi ilikuwa milisekunde 150, na ukurasa uliokuwa ukifunguka mara moja ukaanza kuchukua dakika moja na robo. Kila kwiri ukiipima peke yake ilikuwa chini ya milisekunde 1. Ndiyo maana nawashauri mwashe pg_stat_statements, inayojumlisha muda wa kila aina ya kwiri, na muipange kwa muda wa jumla badala ya muda wa mara moja. Kwiri ya sekunde 40 inayoendeshwa mara moja kwa siku inakera watu, lakini kwiri ya milisekunde 8 inayoendeshwa mara 500,000 kwa siku inaitumikisha seva zaidi ya saa nzima, na haijawahi kulalamikiwa na mtu.

Kuna mchangiaji aliyesema uweke indeksi kwenye kila safu "ili uwe salama". Usifanye hivyo. Kila muamala mpya unapoingia, kila indeksi nayo lazima iandikwe, na zote zinagombania kumbukumbu ileile. Nilikuta jedwali lenye indeksi 14, nikaangalia kwenye pg_stat_user_indexes ni ngapi zimewahi kutumika tangu hesabu ianze, zikawa 5. Zile 9 nyingine sikuzifuta siku hiyohiyo; nilisubiri mwisho wa mwezi na mwisho wa robo mwaka vipite, maana kuna indeksi inayoishi kwa ajili ya ripoti moja tu, na kweli moja ilinusurika hivyo. Upande wa pili, safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine, kama mwanachama_id, PostgreSQL haiiwekei indeksi yenyewe kama InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, ifanyavyo. Usipoiweka, siku utakapofuta mwanachama mmoja hifadhidata itasoma jedwali zima la miamala kuhakikisha hana rekodi humo.

Sasa suala la seva. Kumbukumbu kubwa inasaidia, sikatai, pale ambapo data inayosomwa mara kwa mara haienei, na hilo BUFFERS itakuonyesha: kurasa zilizoandikwa "hit" zilikutwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya PostgreSQL, zilizoandikwa "read" zilitoka nje yake. Kwa kwiri yako ilivyo sasa, seva kubwa ingeisoma milioni 6 kwa kasi zaidi, labda ukatoka sekunde 40 hadi 10, na mwakani jedwali likifika milioni 12 ungerudi kuomba seva nyingine.

Kwa hiyo leo usiku, baada ya matawi kufunga hesabu, jenga ile indeksi ya tawi na muda kwa CONCURRENTLY, endesha ANALYZE juu ya miamala, kisha iendeshe kwiri mpya chini ya EXPLAIN ANALYZE mara mbili, maana ya kwanza itabeba gharama ya diski na ya pili haitabeba. Fanya hivyo kwenye data yenye ukubwa halisi. Jedwali la majaribio lenye rekodi 500 litasomwa zima kila mara na halitakuambia lolote. Kisha bandika hapa mipango yote, wa zamani na mpya, pamoja na toleo la PostgreSQL, na ufute majina na namba za simu za wanachama kabla ya kubandika. Kama makadirio na uhalisia bado vimeachana mbali kwenye mstari wa tawi_id, nina shaka na tawi la makao makuu, ambalo kwenye vyama vingi hubeba nusu ya miamala yote, na hilo lina tiba yake.